Bastola Isiyokubali Risasi ya Dukani

Waliozoea kumbi za sinema za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi katika miaka ya sabini hawahitaji kuambiwa Tuco ni nani. Ni yule jambazi mwenye maneno mengi, aliyeigizwa na Eli Wallach katika The Good, the Bad and the Ugly, sinema ya Sergio Leone ya mwaka 1966. Kuna kipande ambacho Tuco, akiwa ametoka jangwani hoi kwa kiu, anaingia katika duka la silaha. Anazifungua bastola moja baada ya nyingine, anachukua mtutu wa hii na silinda ya ile, anaisogeza silinda sikioni na kuizungusha, anausikiliza mlio wake kama fundi saa. Akishaiunga anayoitaka, anadai risasi, anaijaribu, kisha anamwibia mwenye duka.

Kipande kitamu, lakini kina kosa. Hadithi ile inatokea wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1862, na wakati huo bastola za Colt za namna ile hazikuwa zikitiwa risasi za ganda. Zilikuwa za kushindilia. Hata ile anayoining'iniza kiunoni Clint Eastwood ni Colt Navy ya 1851 iliyogeuzwa ili ipokee risasi za ganda, na kiwanda chenyewe hakikuanza ugeuzaji wa namna hiyo mpaka miaka kama kumi baadaye.

Sina nia ya kumsuta Leone. Sinema ni sinema. Ila silaha hiyo ya katikati, ambayo si ya kushindilia tena na haijawa ya kisasa, bado inawakalisha watu wazima mezani usiku huko Marekani na Ulaya, wakijaza maganda kwa mkono mmojammoja, baruti nyeusi ikipimwa kwa kijiko. Na karibu kila kero inayowapata pale mezani chanzo chake ni kesi ya hataza na ubanifu wa watu waliokufa zamani.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mababu zetu waliziita bunduki kwa namna zilivyowashwa na kujazwa. Gumegume ilikuwa ile iliyowashwa kwa cheche ya jiwe. Ya fataki ikafuata, ambayo nyundo yake hugonga kikombe kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka. Zote mbili ni za kushindilia: baruti huingia kwa mdomo wa mtutu, risasi hufuata, na mdeki hukandamiza. Na risasi yenyewe lilikuwa jina la madini, yale mazito na laini, kabla halijawa jina la kitu kinachotoka mtutuni.

Colt ya 1851 ilikuwa ya fataki. Silinda yake ilikuwa na vyumba sita, vyote vimezibwa kwa nyuma isipokuwa kitundu chembamba cha kupitisha moto. Mwenye nayo alimimina baruti kwa mbele, akaweka tufe la risasi, akalisukuma kwa wenzo uliofungwa chini ya mtutu. Wengi walipaka mafuta juu ya tufe, maana moto wa chumba kimoja ukirukia vyumba vya jirani, vyote hulipuka mkononi. Mwisho akavisha fataki nyuma ya kila chumba. Fanya hivyo mara sita, mvua inanyesha na farasi hatulii, ndipo utajua kwa nini askari wengine walitembea na bastola mbili.

Dawa ya usumbufu huo ilikuwa imekwisha kubuniwa. Tarehe 3 Aprili 1855 Rollin White, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha Colt, alipata hataza ya bastola yenye silinda iliyotobolewa mwanzo hadi mwisho. Bastola yake yenyewe haikuwa na maana yoyote. Tundu ndilo lililokuwa na maana. Silinda ikitobolewa moja kwa moja, unaweza kuingiza kwa nyuma ganda la shaba lenye kila kitu ndani: fataki, baruti na kichwa cha risasi. Horace Smith na Daniel Wesson walilitambua hilo haraka. Mwaka 1856 walikubaliana na White kumlipa mrabaha wa senti 25 kwa kila bastola, na katika mkataba huo huo wakamtwika mzigo wa kuitetea hataza mahakamani kwa gharama zake. White akaishia kuwa mtu wa kesi. Smith & Wesson wakaanza kuuza bastola zao ndogo za ganda mwaka 1857, na kwa miaka kumi na miwili iliyofuata hakuna Mmarekani mwingine aliyeruhusiwa kutoboa tundu hilo bila idhini.

Hebu fikiria. Marekani ilipigana vita vyake vikubwa kuliko vyote ndani ya nchi, na askari wake wengi wakaendelea kushindilia bastola, wakati teknolojia ya ganda inauzwa dukani kwa ukubwa wa mfukoni. White alipoomba hataza yake iongezewe muda, Bunge la nchi hiyo lilikubali, lakini Rais Ulysses Grant aliukataa muswada huo Januari 1870. Wakuu wa ghala la silaha za jeshi walikuwa wamelalamika kwamba serikali iliumizwa na hataza hiyo wakati wa vita. Grant alikuwa jenerali katika vita hivyo, kwa hiyo nadhani hakuhitaji kuelezwa sana.

Huku kwetu kizuizi kilikuwa cha aina nyingine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini, ukaruhusu kwa masharti bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Walioandika mkataba walisema wanapambana na biashara ya watumwa. Wakoloni na askari wao, bila shaka, hawakubanwa na sharti hilo. Gobore likabaki mikononi mwa wenyeji muda mrefu baada ya dunia kulisahau.

Turudi Hartford, Connecticut, kwenye kiwanda cha Colt. Samuel Colt alifariki Januari 1862, akaacha kiwanda kilichofyatua bastola za kushindilia kwa maelfu na maelfu. Vita vilipokwisha, maghala yalijaa silaha na vipuri ambavyo kesho yake ilionekana wazi kuwa imekwisha. Mhandisi wao, Alexander Thuer, alijaribu kuikwepa hataza mwaka 1868 kwa kubuni risasi ya ganda lililochongoka, inayoingizwa kwa mbele ya silinda. Ilikuwa ujanja wa kisheria uliovaa nguo za ufundi, na soko halikuupenda. Washindani wao Remington walichagua njia fupi: mwaka huo huo waliomba idhini ya Smith & Wesson, wakageuza bastola zaidi ya 4,500.

Hataza ilipokufa Aprili 1869, kazi ikaanza. Charles Richards alisajili namna yake ya kugeuza mwaka 1871, na mwenzake William Mason akairahisisha mwaka uliofuata. Silinda ilikatwa kitako kwenye mashine ya kukereza, vyumba vikatobolewa hadi nyuma, na nafasi iliyobaki ikazibwa kwa bamba la duara lenye mlango mdogo kulia wa kuingizia risasi. Nyundo ikatengenezwa upya ili ifike kwenye fataki. Wenzo wa kushindilia uliondolewa, pembeni ukapachikwa ufito wa kusukumia nje maganda matupu. Mtutu ulibaki uleule, fremu ileile, mbao za kushikia zilezile. Jeshi la Marekani lilichukua zaidi ya elfu moja za namna ya Richards. Haikuwa silaha mpya. Ilikuwa gari la zamani lililotiwa injini ya Toyota.

Na hapo ndipo kero ya mjazaji wa leo ilipozaliwa.

Bastola ya Navy iliitwa ya .36, lakini mtutu wake, ukipimwa ndani ya mifuo, una kipenyo cha takriban inchi 0.375, yaani milimita 9.5. Mafundi wa Colt hawakutaka kubadilisha mtutu, maana hiyo ingekuwa gharama. Basi wakatengeneza ganda linaloenea katika vyumba vya zamani, na kichwa cha risasi chenye kipenyo sawa na cha ganda kwa nje, isipokuwa kisigino chake kimepunguzwa ili kiingie ndani ya mdomo wa ganda. Ukitaka kuona kitu hicho leo, tazama risasi ndogo ya .22: ganda na kichwa vimelingana unene. Waliiita .38. Baadaye wahandisi waliona ni usafi zaidi kukiingiza kichwa kizima ndani ya ganda, grisi isishike vumbi mfukoni. Ganda halikunenepa, kwa hiyo kichwa ndicho kilichokonda, hadi inchi 0.357. Jina halikubadilika. Ndiyo maana risasi ya .38 Special, iliyojaza bastola za polisi wa Marekani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, haina popote palipo na 0.38 isipokuwa unene wa ganda lake. Jina ni kumbukumbu ya mtutu wa 1851.

Sasa chukua bastola ya Navy ya kushindilia, nakala iliyotengenezwa Italia, uiwekee silinda ya kisasa ya kugeuzia. Silinda hizi huuzwa tayari. Unatoa ya zamani, unaingiza hii. Chukua .38 ya dukani. Itaingia chumbani vizuri kabisa. Ukifyatua, kichwa kitapita katika mtutu uliokipita upana kwa karibu nusu milimita, hakitashika mifuo, kitatoka kinayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Tena baruti iliyomo ni ya kisasa, na walioziunda silinda hizo hutaka zijazwe baruti nyeusi au risasi dhaifu za mashindano, huku wakionya kwamba fremu iwe ya chuma, si ya shaba. Aliye na bastola hii hana budi kujifanyia risasi mwenyewe.

Anaanza na kichwa. Anahitaji risasi laini, ile ya asili isiyochanganywa na madini ya kuikaza, na kichwa chenye kitako kilichobonyea kama kikombe. Baruti ikiwaka, nguvu yake huipanua midomo ya kikombe hicho mpaka ikaikamata mifuo. Wengine husubu wenyewe: wanayeyusha risasi jikoni, au tuseme nje ya jiko kama wana wake wenye akili, na kuimimina katika kalibu. Walio na subira zaidi husubu vile vya kisigino vya mwaka 1871, na kutafuta vifaa maalumu vya kuvibana, maana mashine za kawaida za kujazia hazikuumbwa kwa ajili hiyo.

Halafu mafuta. Mfereji ulio kiunoni mwa kichwa hujazwa nta ya nyuki iliyochanganywa na shahamu, mara nyingi ya kondoo. Grisi ya gereji haifai. Wajazaji watakuambia kwamba mafuta ya petroli yakikutana na moshi wa baruti nyeusi huganda kuwa kitu kama lami. Ajabu ya mafuta haya ya wanyama ni kwamba yamewahi kusukuma historia: uvumi wa mafuta ya ng'ombe na nguruwe kwenye risasi za bunduki za Enfield ulikuwa miongoni mwa sababu zilizowasha maasi ya askari wa India mwaka 1857.

Kisha baruti yenyewe, na hapa mtu aliyezoea baruti za kisasa lazima asahau alichojua. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa, uliosagwa, ukashindiliwa na kuvunjwavunjwa kuwa chembe. Hupimwa kwa ujazo, kwa kijiko au kikombe cha shaba chenye alama, ingawa kipimo huitwa greni, na greni 7,000 ni ratili moja. Baruti ya kisasa isiyo na moshi, iliyoletwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ina nguvu nyingi kiasi kwamba kiasi kidogo hutosha na ganda hubaki na nafasi tupu. Nyeusi haitaki nafasi tupu. Ni lazima ijae mpaka kichwa kikiingia kiikandamize kidogo. Hewa ikibaki kati ya baruti na kichwa, mgandamizo unaweza kuruka vibaya na kuuvimbisha mtutu. Kwa hiyo anayetaka risasi laini, isiyorusha mkono sana, hawezi tu kupunguza baruti. Lazima kijazio kizibe pengo. Kijazio kinachopendwa na wengi ni unga wa mahindi. Dona au sembe, sijasikia wakibishana.

Kosa linaloogopwa kuliko yote ni kuzichanganya baruti hizi mbili. Mkono uliozoea kujaza ganda mpaka juu, ukijaza mpaka juu baruti ya kisasa, umetengeneza bomu. Wajazaji wenye akili timamu hawaweki makopo mawili mezani kwa wakati mmoja.

Hata maganda yamebadilika. Colt mpya ya 1873, ile ya .45, ilianza na greni 40 za baruti nyuma ya kichwa cha greni 255, yaani gramu 2.6 zikisukuma gramu 16.5. Jeshi liliona ni nyingi, likateremka hadi 30. Maganda ya siku hizi yana kitako kinene kuliko ya zamani, kwa hiyo ndani ni padogo, na greni 40 haziingii bila kusukumwa kwa nguvu. Anayetaka kuonja risasi ya 1873 kama ilivyokuwa analazimika kuridhika na pungufu. Sioni hasara hapo.

Siku ya kufyatua, risasi ya kwanza ndiyo inayoonekana inakokwenda. Inatoa wingu jeupe lenye harufu ya mayai viza, na kama upepo umetulia, ya pili unaipiga kwa kukisia. Moshi huu tunaujua sisi. Tanga, Novemba 1914, makampuni mengi ya askari wa Wajerumani yalikuwa bado na bunduki za Mauser za 1871, zinazotumia risasi za baruti nyeusi. Kila aliyefyatua alijitangaza mahali alipo. Walishinda vita hivyo hata hivyo, na miongoni mwa vitu walivyofurahia kuvikuta kwa Waingereza waliorudi melini ni bunduki za kisasa 455 na risasi zake zisizo na moshi.

Moshi ni nusu ya habari. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki kuwa hewa inapowaka; hubaki kama masizi na chumvi. Kiasi fulani huruka na moshi, kingine hushika ndani ya mtutu na kuizunguka silinda, kigumu kama ukoko wa wali. Baada ya duru chache silinda huanza kuzunguka kwa kunung'unika. Colt za fremu iliyo wazi juu huvumilia kuliko Remington, kwa sababu mhimili wake ni mnene na umechongwa mifereji inayoshika mafuta. Na chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewani. Ukilala bila kusafisha, asubuhi kutu imekutangulia.

Dawa yake hainunuliwi. Ni maji ya moto na sabuni. Unagonga kabari iliyopita ubavuni, mtutu unachomoka, silinda inafuata, na vyote vinaingia beseni kama vyombo vya chakula cha usiku. Maganda matupu hutumbukizwa katika chupa ya maji ya sabuni palepale uwanjani, la sivyo shaba huchakaa. Kisha kukausha, kupaka mafuta, na kuanza upya na ganda lilelile. Mtu amefyatua kwa nusu saa, ameosha kwa saa nzima.

Mtindo huu ulifufuliwa Italia kuliko Marekani. Kuelekea miaka mia moja ya vita vile, mwishoni mwa miaka ya hamsini, mfanyabiashara Mmarekani Val Forgett alikwenda Gardone Val Trompia, bonde lililofua silaha kwa karne nyingi, akaagiza nakala za Colt ya Navy. Aldo Uberti alianza kazi hiyo mwaka 1959, na kampuni yenye jina lake bado inazitengeneza. Sheria ya Marekani ya 1968 haiihesabu nakala ya kushindilia kuwa silaha kama nyingine, na katika majimbo mengi huagizwa kwa posta. Ivishe silinda ya ganda, na sheria inaigeukia ghafla kama bastola kamili. Vipande vile vile vya chuma, isipokuwa tundu. White angetabasamu.

Baruti ndiyo inayoadimika. Kiwanda kikubwa cha mwisho cha baruti nyeusi huko Marekani, GOEX cha Louisiana, mrithi wa biashara ya kina Du Pont iliyoanza mwaka 1802, kilitangaziwa kufungwa mwaka 2021. Kilipata mnunuzi mwaka uliofuata, lakini wapenzi wa baruti walikuwa wameshaonja hofu.

Msomaji wa hapa asidanganyike. Kwetu hakuna kopo la baruti kwenye rafu ya duka, na anayejaza maganda chumbani bila kibali hatakutana na klabu bali na polisi. Magobore yanayosalimishwa vituoni kila panapotangazwa msamaha hayakuwa ya mchezo.

Ila sinema ile inaruhusiwa. Ukiitazama tena, vuka kipande cha duka, subiri cha hotelini: jeshi linapita barabarani kwa kishindo, watu wa Tuco wanapanda ngazi, na Eastwood ameketi na bastola yake vipandevipande. Anasafisha. Hapo Leone hakukosea.